Mke Wangu Hupima Mvua

Hotuba kwa wanandoa, Kisumu

Mwenyekiti wa kikao, wachungaji wetu, wazee, na nyote mliofika wawili wawili jioni hii: Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuishi miaka mingi na mwenzi mwenye uraibu, yaani jambo analolifanya kwa kulipenda tu, ambao majirani hawauelewi. Walioniomba wanaijua nyumba yangu. Mke wangu hupima mvua. Kila siku ya Mungu, saa tatu asubuhi, iwe Krismasi, iwe siku ya kupiga kura, iwe tuna matanga, huenda nyuma ya nyumba na daftari lake, akainua faneli, akamimina maji yaliyoingia chomboni kwenye silinda ya kioo, akasoma, akaandika. Siku ambayo hakuna tone, huandika sufuri. Ndoa yetu imevuka miaka thelathini na kazi hiyo imekuwemo karibu muda wote huo. Hakuna anayemlipa. Hakuna aliyemwagiza.

Mimi nikiona mvua naona mvua: nguo zianuliwe, ng'ombe waingizwe. Nalisema hilo mapema ili msije mkadhani nimesimama hapa kwa kuwa tumefanana. Hatufanani, na nimekuja kuwaambia kwamba si lazima mfanane. Wahenga walisema ukipenda boga upende na ua lake, na kwenye harusi zetu methali hiyo haikosi kutajwa. Naiheshimu, lakini imewatesa wengi. Mtu hujilazimisha kupenda asichokipenda, akajifanya kwa mwaka au miaka miwili, kisha akachoka, na uchovu huo ukageuka kinyongo. Ninachoamini mimi ni hiki: kijue anachokipenda mwenzako, kiasi cha kuweza kumwuliza swali ambalo atafurahi kulijibu. Na watu wakimcheka, wakukute upande wake. Kama wewe nawe utakuja kukipenda, vyema. Usipokipenda, hakuna kilichoharibika.

Ngoja kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Huwezi kusema unamjali mtu na hujui asubuhi anashika nini mkononi.

Kipimamvua cha nyumbani kwetu ni cha shaba. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 127, ambazo ni inchi 5 za zamani, na ndani yake mna faneli inayoshusha maji kwenye chupa ili jua lisiyanyonye. Maji hayo humiminwa kwenye silinda nyembamba ya kioo yenye mistari. Unainama mpaka jicho liwe sawa na maji, unasoma pale katikati yalipobonyea, wala si pembeni yanapopanda kidogo kwenye kioo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wengi wenu mnayo Mamboleo au Riat, ikinyeshewa milimita 20 jioni moja imepokea zaidi ya lita 9,000. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza niliutazama uwanja wangu nikajiuliza maji hayo yote huwa yanakwenda wapi. Hilo nalo lilikuwa swali, na nilijibiwa kwa urefu.

Mke wangu ni mtoto wa Nakuru, amekulia Njoro, kwenye mashamba ya ngano. Baba yake alikuwa karani katika shamba moja kubwa, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma kipimamvua na kuandika kwenye kitabu cha shamba. Ngano haina mchezo na mvua. Ikikosa maji wakati wa kuchanua, punje zinakuwa tupu; ikinyeshewa mno wakati wa kuvuna, inaota mashambani. Basi binti huyu mdogo alimfuata baba yake kila asubuhi kabla ya shule, na akaruhusiwa kushika silinda. Mjue pia kwamba Nakuru kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 1,000. Kisumu hapa hupata kama 1,300. Kakamega hukaribia 2,000. Mimi nilimwoa nikamleta kwetu Bunyore, upande wa Luanda, hatua chache kutoka Maseno ambapo ikweta inaikata barabara ya Kisumu kwenda Busia. Alifika mahali ambapo mvua ya jioni moja inaweza kuipita mvua ya mwezi mzima ya kwao. Mwenzangu alikuwa na furaha ambayo jamaa zangu hawakuielewa hata kidogo. Kwao mvua ilikuwa matope tu.

Chombo hicho kina masharti. Hakiwekwi popote. Jengo au mti ukikaa karibu, mvua inayokuja kwa kulala na upepo huzuiwa, na hesabu inakuwa ya uongo. Kanuni yake ni kwamba kikae mbali angalau mara mbili ya kimo cha kitu kilicho jirani. Jengo la mita 4, basi mita 8 au zaidi. Nyasi za kukizunguka ziwe fupi, na pasiwe na sakafu ya saruji inayorusha matone ndani. Sasa fikirini boma letu lilivyo. Mwana wetu alipofikia umri wa kujengewa simba, ile nyumba ndogo ya kijana wa kiume bomani, wazee walionyesha mahali, na mahali penyewe palikuwa hatua tatu kutoka kwenye kipimamvua. Kwa mila zetu simba haijengwi ovyo; ina upande wake na ina mlango wake. Nilikaa na wazee hao mchana mzima. Niliwaambia simba itajengwa, na itajengwa upande unaofaa, ila isogee. Wakauliza isogezwe kwa ajili ya nini. Nikawajibu kwamba mama wa nyumba hii ana kazi yake pale. Nilitumia neno kazi kwa makusudi. Neno mchezo lingewafanya watabasamu na kuendelea kupima msingi. Simba ilisogea.

Nasimulia hayo kwa sababu kuna kumvumilia mtu, na kuna kumwachia nafasi. Mvumilivu husema, "Endelea tu, mradi usinisumbue." Anayemwachia mwenzake nafasi hukubali kwamba jambo lile litagusa ratiba, litagusa uwanja, litagusa mazungumzo na wazee, na halioni kuwa ni hasara.

Sasa nije kwenye maswali.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nikimwuliza, "Leo ngapi?" Anajibu, "Kumi na nne nukta mbili." Nami nasema, "Haya." Ni salamu nzuri, lakini haimfungui mtu. Siku moja nilimwuliza jambo nililokuwa nikilitaka kweli kulijua: kwa nini mvua ya huku kwetu inapenda saa kumi jioni? Aliweka sufuria chini. Akaniambia mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Hewa ya huku juu hupanda, na upepo mbichi wa ziwani huja kuchukua nafasi yake. Upepo huo ukielekea mashariki hukutana na pepo zinazotoka upande wa pili, na mbele yake kuna milima ya Nandi na nyanda za Kericho, kwa hiyo hewa haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, mvuke unageuka mawingu mazito, na jioni ngurumo zinaanza. Ndiyo maana wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi wanaijua mvua ya mawe kuliko karibu watu wote wa nchi hii. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, upepo unatoka ufuoni pande zote na kukutana katikati ya ziwa, na dhoruba zinazaliwa juu ya maji saa ambayo wavuvi wa omena wako huko na taa zao.

Wapendwa, mimi nimekulia kwenye milima hii inayolitazama Ziwa Victoria. Nimewaona ndugu za rafiki zangu wakipotelea majini usiku. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini ni usiku. Nilielezwa jikoni kwangu na mtu niliyekuwa nimelala naye kitanda kimoja kwa miaka, na nilielezwa kwa sababu niliuliza.

Mwaka 2020 mtakumbuka. Mwezi wa Mei ziwa lilipita kimo cha 1964, kile kilichotokana na mvua kubwa za 1961 ambazo wazee wetu waliziita mvua za Uhuru. Dunga na fukwe nyingine maji yaliingia kwa watu. Kule Budalang'i mto Nzoia ulivunja kingo, familia zikalala mashuleni. Kwao mke wangu, Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutokea, lilikuwa limepanda kwa miaka kadhaa likameza lango la zamani la mbuga na nyumba za watu waliojenga kando yake. Nilimwuliza: daftari lako linaonyesha mvua hizi? Akalileta. Tukalaza madaftari mezani, ya mwaka ule na ya miaka iliyotangulia, tukahesabu mwezi kwa mwezi, tangu zile mvua za mwisho wa 2019 zilizokataa kukoma hadi Januari. Akanionya nisidhani Bunyore ndiyo iliyolijaza ziwa. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayolinyeshea ziwa lenyewe moja kwa moja, na mito yake inatoka nchi tano, hadi Rwanda na Burundi. Daftari la nyumba moja ni punje moja katika gunia. Lakini ni punje ya kweli, alisema, na mtu akiitaka ipo.

Usiku ule tulikaa mpaka koroboi ya akili ikaisha mafuta. Watoto walikuwa wamelala. Nawaambia wanaume wenzangu, kuna ukaribu katika ndoa unaokuja kwa njia hiyo ambao hauji kwa zawadi wala kwa safari ya Mombasa.

Sasa nitazungumzia kicheko, na hapa nitakaa kidogo.

Mgeni anapotoka kwingine, akaolewa Bunyore, akaanza kutembea na chupa ya maji ya mvua, hilo si jambo dogo. Bunyore ni nchi ya mvua. Ukoo wa Nganyi unajulikana mbali kwa elimu ya mvua, na umeirithi kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo kwetu mtu hasemi tu kwamba mvua imechelewa. Huuliza ni nani aliyeifunga. Mwaka mmoja mvua za Machi hazikuja kwa wakati. Mahindi yaliyopandwa mapema yalikauka yakiwa vidole. Neno likaanza sokoni, likafika kisimani, likafika kwa mamangu mzazi: kile chombo cha yule mama wa Njoro ndicho kinachofunga mvua. Anaiweka kwenye chupa. Kila asubuhi anaihesabu.

Ndugu yangu wa kuzaliwa alinishauri nikiondoe chombo kwa muda, mpaka mvua ije. Alikuwa na nia njema. Angeweza hata kuonekana mwenye hekima. Nilikataa, na sababu yangu ilikuwa hii: nikikiondoa na mvua ikanyesha wiki hiyohiyo, nitakuwa nimemtia mke wangu hatiani mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na hakuna mtu atakayemsafisha tena.

Nilikwenda kwa liguru, mzee wa kijiji chetu. Nikamwomba awaite majirani waje kwetu, mchana, hadharani, na wale waliosema zaidi waje kwanza. Wakaja. Tulitoa viti na chai. Nikasema maneno machache, nikakaa. Aliyesimama kueleza ni mwenye chombo. Alikifungua mbele yao, kipande kwa kipande. Akawapa faneli waishike. Akamwaga maji kwenye silinda, akamwita mama mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote aje asome mwenyewe. Akawaonyesha daftari: Machi ya mwaka ule, Machi ya mwaka uliotangulia, Machi nyingine nyuma yake. Wakaona kwamba mvua kuchelewa hakukuanza mwaka ule, na kwamba miaka mingine chombo hichohicho kilikuwepo na mvua zilikuja kwa wakati.

Kisha nikawaambia jambo ambalo wengi wao walikuwa wanalijua nusu. Wazee wa Nganyi wenyewe, wenye mvua yao, kwa zaidi ya miaka 10 wamekuwa wakikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kabla ya msimu. Wazee huleta yale wanayoyasoma kwenye miti, majani yanavyopukutika na maua yanavyotoka, na kwenye ndege na wadudu. Wataalamu huleta ya mitambo yao. Hulinganisha, wakatoa kauli moja kwa wakulima. Nikauliza: kama wenye mvua hawamwogopi mtu wa kupima, sisi tunamwogopa kwa nini? Liguru alicheka, watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka mtu.

Nataka mtambue nilipokuwa wakati ule wote. Nilikuwa kwenye kiti, pembeni yake. Sikumweleza mke wangu kwa watu kana kwamba yeye hana ulimi. Wanaume tuna tabia ya kusimama mbele ya mke na kusema, "Anachomaanisha mama ni hiki." Tukidhani tunamkinga, tunamziba. Yeye ndiye aliyekuwa na elimu. Mimi nilikuwa na jina la boma na uwezo wa kuita watu. Kila mmoja alileta alichonacho.

Kwa jamaa wa karibu kicheko huwa laini zaidi na kinakatisha tamaa zaidi. Shemeji zake, yaani ndugu zangu, kila Krismasi: "Mama, leo umetuhesabia matone mangapi?" Na mwingine, kijana wa simu, anamwonyesha programu ya hali ya hewa: "Haya yote yako hapa." Huyu nilimjibu mimi kwa sababu nilikuwa tayari najua jibu. Simu hukadiria. Setilaiti hutazama mawingu kutoka juu na kubuni kilichofika chini, na wenye setilaiti wenyewe huhitaji vipimo vya ardhini ili kusahihisha makadirio yao. Tena mvua zetu za radi ni za vipande: Luanda wanafunga maduka kwa gharika na Maseno watu wanaanika mahindi. Simu haitakwambia ni upande gani wa barabara ulilowa. Kijana akanyamaza, na mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sitawaeleza hapa.

Niwaambie kuhusu matanga, kwa sababu ndiyo shida ya kila nyumba ya huku. Jumamosi zetu ni za mazishi. Mkesha, safari, siku mbili tatu nyumbani kwa wafiwa. Ni nani atasoma saa tatu asubuhi? Watu walitegemea kwamba yeye ataacha. Tulichokubaliana ni kwamba aliyebaki nyumbani anasoma. Akibaki yeye, anasoma yeye. Nikibaki mimi, nasoma mimi. Tukienda wote, msichana wa jirani anasoma, na amefundishwa vizuri. Na pakikosekana mtu kabisa, maji ya siku tatu huandikwa kama maji ya siku tatu, na alama pembeni. Hayagawanywi kwa tatu ili daftari lipendeze. Hilo ni sharti lake na nimelipenda sana, kwa sababu linaniambia ninaishi na mtu wa namna gani.

Kuna kipindi alilazwa hospitalini. Nilisoma kila asubuhi kabla ya kwenda kumwona. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hofu, na kuna asubuhi moja nilitamani nisitoke kitandani. Nilitoka. Nilipofika wodini na kumwambia namba, aliniuliza kama jicho langu lilikuwa sawa na maji. Muuguzi alishangaa kwamba mgonjwa aliyekuwa hana nguvu za kula alikuwa na nguvu za kuuliza hivyo. Mimi sikushangaa. Nilimpa daftari akaliangalia, akalirudisha.

Pesa. Nitapita haraka kwa sababu hakuna siri. Uraibu wowote una gharama, na gharama iliyofichwa ndiyo inayovunja nyumba, hata ikiwa ndogo. Sisi karo ilikuja kwanza, matibabu ya wazazi wetu yakafuata, na cha uraibu kikatoka kwenye fungu linalojulikana na wote wawili. Ninyi ambao mwenzenu anacheza kamari na kuiita uraibu, sizungumzi nanyi katika hotuba hii; hayo ni maradhi na yana kikao chake. Jambo linalomla mtu na kuwala watoto wake halilindwi kwa jina la mapenzi.

Kuna kosa jingine la siku hizi ambalo linakuja likiwa limevaa nguo za msaada. Mtu akisikia mwenzake anapenda kitu, mara moja anasema: "Kifanye biashara." Mama anasuka vikapu vya mafunjo kwa raha yake, mume anaanza kuuliza bei. Baba anarekebisha redio za zamani jioni, mke anampangia wateja. Mke wangu aliambiwa afungue chaneli ya video, aonyeshe mvua, apate wafuasi. Nimeona watu wakipoteza pumziko lao kwa njia hiyo. Kitu walichokuwa wakikimbilia wakitoka kazini kinageuka kazi ya pili, chenye wateja na lawama. Yeye akitaka kuuza, atasema. Usimtangulie. Na msiniambie basi angalau daftari lake lilitusaidia kununua tanki la ukubwa unaofaa paa letu. Ni kweli lilisaidia. Lakini ningelikuwa nasubiri tanki ndipo nimheshimu, ningesubiri kwa miaka mingi na tungekuwa tumeshapoteana.

Akina mama, sasa nawageukia ninyi, na akina baba msikilize. Nikitazama nyumba zetu za Magharibi, uraibu wa mwanamume una jina na una msaidizi. Nendeni Ikolomani au Khayega siku ya mchezo wa fahali. Ngoma ya isukuti inalia tangu alfajiri, wanaume wanakimbia barabarani na fahali wao. Fahali huyo halimi, hakokoti kitu, anafugwa kwa ajili ya asubuhi hiyo tu, na mwenyewe anapigiwa vigelegele kijiji kizima. Nami naupenda mchezo huo, nisidanganye. Ila ni nani hukata nyasi za fahali yule miezi yote? Nani humchotea maji? Mara nyingi ni mwanamke ambaye hakuna anayejua yeye mwenyewe anapenda nini. Ameunga mkono uraibu wa mumewe miaka ishirini na hajawahi kuulizwa swali moja.

Na wengine wanalo jambo lao, wamelificha. Namjua mama mmoja hapa Kisumu anayeijua historia ya Gor Mahia kuliko mumewe, tangu klabu ilipoundwa 1968 hadi Kombe la Washindi la Afrika la 1987, mchezaji kwa mchezaji. Mumewe huenda uwanjani Moi na marafiki zake. Mama anasikiliza redioni akipika. Hawajawahi kwenda pamoja hata mara moja, na nilipomwuliza mume sababu, aliniambia hakujua kwamba mkewe angependa kwenda. Wameishi pamoja muda mrefu kuliko wachezaji wengi wa sasa walivyoishi duniani.

Kwa hiyo ukiona huna uraibu wowote wa mwenzako wa kuunga mkono, usifurahi upesi. Huenda upo na haujui kama ni salama kutokea.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namheshimu. Nasikia dakika zilizobaki ni za maswali. Ya ndoa niulizeni mimi, nitajibu ninachokijua. Ya mvua mpelekeeni mwenyewe, yuko meza ile ya dirishani, na nawaomba mumwulize hasa kwa nini wiki hii ngurumo zimeanza mapema, kwa sababu njiani kuja hapa alianza kunieleza na tukafika kabla hajamaliza.